Chai ya Guka Kwenye Baa

Cucu, nyanya yangu mpendwa,

Natumai goti limepoa na ng'ombe ameacha mateke. Hapa Nyeri kuna baridi ya kuuma masikio, kwa hivyo niliingia ile baa kuukuu ya mjini ambayo marehemu Guka, mume wako, alikuwa akienda kila siku ya soko. Mhudumu aliniuliza kama nataka bia ya moto, bia baridi ama chai. Nilishangaa kupata chai kwa baa. Mzee aliyekaa dirishani akauliza natoka wapi, nikamtajia Guka.

"Huyo ndiye alikuwa wa kwanza kati yetu Waafrika kupitia mlango wa mbele," akasema. "Baa hii ilikuwa ya wazungu. Sisi wengine tulipitia jikoni. Akakaa hapa, akaagiza chai. Hawakuwa nayo, ikabidi wapike, na hawajaacha. Bia hakuwahi kuonja."

Nikamwuliza mbona basi Guka hakukuambia, na ulikuwa ukimlaza kwa stoo ya kahawa kila akitoka huku, ukidhani amelewa.

"Ati mwanaume aseme ametoka baa kunywa chai?"

Jifunike vizuri, Cucu. Kaburi lake liko hatua chache kutoka jikoni kwako, na birika la chai unalo.

Mjukuu wako akupendaye,
Wambui