Salma Alikula kwa Adabu

Naif, Dubai
Jumanne

Dada yangu Fatma,

Assalaam aleikum. Naanza na magoti yako kabla ya mengine, maana najua mwenyewe hutayataja. Bado yanakusumbua ukipanda ngazi? Na presha imeshuka, au unaendelea kuficha chumvi nyuma ya mtungi ukidhani shemeji haoni? Sisi huku tu wazima wa mwili. Joto limeanza kupungua. Ndugu yetu Athumani amenenepa kidogo tangu wabadilishiwe mpishi kule kwenye kambi yao ya wafanyakazi, Muhaisnah. Mimi pia ni mzima, ila moyo sina.

Nimekuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungenibembeleza, na sitaki kubembelezwa. Na wa kuileta barua ninaye. Aliyekukabidhi karatasi hizi ni yuleyule uliyemsindikiza uwanja wa ndege wiki tatu zilizopita ukamwambia, "Nenda kwa mamako, ukipapenda ukae." Najua umemwona mlangoni na sanduku lake lote ukashika kiuno. Tulikubaliana mimi nawe kwamba akimaliza kidato cha nne atakuja kwangu, na mambo yakikubali abaki. Na yalikubali. Kazi ilikuwa tayari, ya kukaa mapokezi kwenye shule ya watoto wadogo kule Jumeirah Village Circle, karibu na nyumba ninayofanyia kazi mimi. Madam wangu ndiye aliyemsemea. Walichongoja ni jibu letu tu, na mwisho wa kungoja ulikuwa jana.

Sasa nitakueleza ilivyokuwa, na usinikatize kwa kusema moyoni "maskini Zuhura".

Salma alipofika alikuwa mtoto mzuri mno, na hapo ndipo ningeshtuka kama ningekuwa na akili. Aliamka kabla yangu. Aliosha vikombe vya watu wote wa nyumba hii tunayopanga kwa pamoja, hata vya wale Wafilipino wa chumba cha mbele ambao kuosha kwao ni sikukuu. Nikimwuliza atakula nini, "Chochote, Mama Zuhura." Twende wapi leo? "Popote." Kazi ile je, unaitaka? "Utakavyo wewe." Na hilo jina! Wewe akikutaja ni Mama, basi. Mimi naongezewa jina langu nyuma kama jirani wa mtaa wa pili. Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Salma amekaa siku kumi na tisa, jembe amejichukulia mwenyewe, na bado akawa mgeni.

Nikaona dawa yake ni kumketisha. Unajua huyu madam wangu ni Mswisi. Kukiingia baridi hupika chakula cha kwao kiitwacho fondyu. Ni jibini iliyoyeyushwa katika chungu kizito, chini yake kinawashwa kijitaa cha spiriti ili isigande, na kila mtu ana uma mrefu wa kuchovyea mkate. Dada, wale watu hukaa pale hata saa tatu nzima! Baba, mama, watoto, bibi yao akija kutembea. Kwa sababu ni tonge moja moja, huwezi kula haraka ukaondoka, na kwa sababu unangoja, unazungumza. Sisi sinia likiisha, kila mtu na njia yake. Miaka yote nimekuwa nikisimama mlangoni na mkate mkononi nikiwatazama, na sitakuficha, nimewaonea kijicho. Si chakula, kile kikao chao. Mwaka huu alinunua chungu kipya, cha zamani akanipa mimi, chekundu, na uma zake sita.

Basi nikasema Jumapili, siku yangu ya mapumziko, nitaalika watu wa kwetu, nimfanyie Salma fondyu. Jibini nilikwaruza Jumamosi mpaka vidole vikachubuka. Wenyewe hutia mvinyo, na hilo kwetu ni haramu, kwa hiyo mimi nikatia maziwa. Pakiti nzima. Nilitia kwa furaha, kwa sababu nilimkumbuka Salma na maziwa yake. Unakumbuka kile kikombe cha bati? Asubuhi niliyoondoka alikuwa na miaka mitatu, amekaa kizingitini anakunywa, na midomo yake ilikuwa myeupe juu. Sikumfuta. Niliogopa nikimgusa atanishika. Miaka kumi na tano nimeondoka na mtoto yule, na Jumapili nikampikia yeye.

Walikuja baada ya adhuhuri. Kassim binamu yetu, huyu wa hapa Naif anayepakia mizigo ya Mombasa, alifika na tende na maneno yake. Grace, yule Mganda mlinzi wa jengo ninayelala naye chumba kimoja, alikuwa na zamu ya jioni, kwa hiyo naye akakaa. Athumani alichelewa, maana basi la kampuni liliwapeleka kwanza kumalizia usafi wa jengo fulani. Tukaanza bila yeye.

Kassim aliinama akachungulia chunguni. "Ebo, Zuhura! Hii ni chizi ama ni gundi ya kubandikia mabango?"

"Onja kwanza ndipo utukane," nikamwambia.

Grace aliangusha chunguni kipande chake cha mkate wa boflo mara tatu mfululizo. "Mama, hii chakula inataka mtu ya kuvua samaki," akasema, na sote tukacheka. Salma pia alicheka. Alikuwa amekaa kando yangu kabisa, bega kwa bega, kwa vile meza ni ndogo. Akachovya, akala, akasema, "Mashaallah, tamu sana, Mama Zuhura." Mimi nikachanua. Nawe wanijua nikichanua simjui mtu. Kula mwanangu, ongeza. Hicho kidogo, chovya tena. Mbona waogopa, kula! Nilikuwa nikimchagulia vipande vikubwa nikimtilia kwenye uma. Nilivihesabu, Dada. Vilikuwa kumi na kimoja. Nilikuwa nikihesabu kwa furaha, nikijisemea mtoto ameanza kuzoea, kesho nitamwambia madam ndiyo.

Ndipo Athumani akaingia, bado na nguo za kazi. Hakusalimu hata. Alisimama mlangoni akimtazama mpwa wake.

"We Salma. Unakula nini wewe?"

Salma akamtolea macho, yale ya kumwambia mtu anyamaze. "Kidogo tu, mjomba."

"Kidogo nini? Si maziwa haya? Dada Zuhura, umempa maziwa huyu?"

Nikamwuliza ana nini na maziwa. Alinitazama, Dada, na hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. Aliona haya kwa niaba yangu. Akasema polepole kwamba Salma hapatani na maziwa tangu alipoanza shule, yakimwingia tumboni hulala chini akajikunja, kwamba nyumbani hata andazi likipikwa na maziwa anatengewa la kwake. Kila mtu pale kwetu anajua. Hata muuza duka anajua. Kassim aliweka uma wake chini. Grace akasimama akajifanya anatafuta maji.

Haikupita nusu saa Salma akaanza kutapika. Sitakuandikia yote, wewe umeyaona mara nyingi kuliko mimi. Nilimshika kichwa chooni, huku watu wa vyumba vingine wakigonga mlango. Athumani alichemsha tangawizi na chumvi kidogo, akasema ndivyo ufanyavyo wewe, na alipomletea Salma alikunywa bila kuuliza ni nini. Mimi nilikuwa nimemletea dawa ya madukani akasema, "Asante, Mama Zuhura," akaiweka kando.

Nilikukasirikia wewe kwanza. Wacha nikuambie kweli, maana uwongo sina nguvu nao. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikikulaumu: Fatma kaficha, Fatma kataka mtoto awe wake peke yake, miaka yote hii hakunitamkia jambo dogo kama maziwa. Nikamwambia Salma hivyo, kwa ukali. Alikuwa amelala ameelekea ukutani. Akageuka.

"Mama alikuambia," akasema. "Nilikuwa darasa la pili. Tulikuwa tumetoka hospitali, akakupigia, akaweka simu katikati yetu ili nami nikusikie. Ulisema, 'Basi mpe chai ya mkandaa bila maziwa, yalla, arbab ananiita, nitapiga kesho.'"

"Nikapiga?"

"Sikumbuki."

Anakumbuka, Dada. Nami sikumbuki hata hiyo simu. Nilitafuta kichwani siku mbili hizi, nikaipata nyumba ile ya kwanza, ngazi zake, sauti ya yule arbab, bosi wangu wa wakati ule, watoto wake wanne na majina yao yote, na ugonjwa wa ngozi wa yule wa tatu na mafuta aliyopakwa. Ya mwanangu hayakuwamo.

Watu walikuwa wameondoka, Grace amekwenda zamu yake mapema ili atupishe. Jua lilikuwa bado kali dirishani. Nikamwuliza Salma, ikiwa alijua, kwa nini alikula.

"Ulikuwa umehangaika sana," akasema. "Ulijikata vidole."

"Na kama angekuwa mamako Fatma ndiye kapika?"

Alitabasamu hapo, tabasamu la kweli, la kwanza tangu afike. "Mama? Ningemwambia sitaki, toa."

Dada, ile methali ya wazee ya kuzaa si kazi, kazi ni kulea, usinitajie. Naijua, na kuna siku nimeichukia. Lakini hakuna aliyewahi kunieleza kwamba mtoto humjua mamake kwa kumkataa. Mgeni hula akapewa ugonjwa akashukuru. Wiki tatu nilikuwa nikisifu adabu ya binti yangu mbele ya kila mtu, kumbe adabu ile ndiyo iliyokuwa ikiniambia mimi si wa ndani.

Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Basi niambie na mimi sitaki. Chochote usichokitaka. Niambie kama ungemwambia yeye, bila Mama Zuhura, bila asante."

Alijiinua akakaa kitandani. Kisha akasema, "Sitaki kukaa Dubai."

Hakuongeza "samahani". Alisema akinitazama usoni. Akasema anataka kurudi nyumbani asomee uuguzi, kwamba hulala akiwaza ngazi zile na magoti yako, kwamba hapa usiku hasikii mtu anayemjua akikohoa. Akalia. Mimi nilitaka kumwambia ni upweke wa mwanzo, utapita, hata mimi nilikuwa hivyo. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Nikayameza, kwa sababu nilikuwa nimeomba jambo moja tu na nilikuwa nimelipata, na ingekuwa aibu kulirudisha kwa kuwa sikupenda ladha yake.

Jana nikamwambia madam hapana. Alishangaa, akasema wasichana wengi wangeshukuru. Nikasema, "Ndiyo, madam, angeshukuru," nikaenda kupiga pasi.

Kwa hiyo ndiyo huyo hapo. Usimwulize kwa nini hakukaa, na akikuambia nilimruhusu, usimwamini, anataka nionekane mwema. Sikumruhusu. Alinikatalia, nami nikamsikia, basi. Huenda ni jambo pekee la kimama nililomfanyia tangu kile kikombe, na limemtoa nyumbani kwangu. Ndege yake ni ya usiku huu, na kitanda nimekwisha kukitandika upande wake, sijui kwa nini, maana mimi nalala huku ukutani. Ninasikia uchungu, Fatma, sitauita jina jingine.

Nisalimie shemeji yangu Omari, mwambie sanduku dogo lina kofia yake. Nisalimie Shangazi Mwanaiki aliyenisuka nywele siku ya safari, na mwalimu wake Salma wa madrasa ambaye nasikia macho yamefifia. Wasalimie binamu zetu wa upande wa mama wote, hata wanaoninunia. Athumani anawasalimu, na Kassim, na Grace pia, ingawa hamjuani.

Na wasalimie majirani. Nilipokuja mara ya mwisho nilimsikia jirani wa ukutani akikuita Mama Salma, nawe ukaitika. Nilinuna siku mbili nzima, ukadhani ni uchovu wa safari. Ulianza kuwakataza watu mbele yangu, nikakuona, na hilo likaniuma zaidi. Sasa usiwakataze. Wakikuita, itika.

Mdogo wako,
Zuhura