Yule Ambaye Kura Haikumwangukia

Jumatatu, 9 Septemba

Tumewatembelea watatu leo, wote Nsambya, hapa Kampala. Mmoja ana kazi. Mmoja aliacha. Wa tatu katufungia mlango. Miguu inawaka.

Okello anauliza maswali, mimi naonyesha nyumba na kumsaidia pale Kiswahili chetu cha Bukavu kinapomshinda. Mtoto wa polisi, kakulia kambini Naguru. Kiswahili chake ni cha amri tupu. “Wewe iko na kazi? Nani nalipa?” Watu wanadhani wanakamatwa. Nawatuliza: jamani, ni mambo ya ule mradi wa cherehani tu, wanataka kujua kama ulitusaidia.

Mimi ulinisaidia. Mwaka mzima nilishona sare za shule kwenye karakana yao Nakawa, kwa mshahara. Sasa wamenikodi niwatafute wenzangu. Kazi ya wiki chache. Afadhali.

Jumatano, 11 Septemba

Waliochaguliwa tumewamaliza. Nalongo, mkubwa wetu, kasema sasa tuwatafute walioomba siku ileile nasi lakini kura haikuwaangukia. Watalinganishwa na sisi. Bila hivyo, kasema, utajuaje kama ni mradi uliotuinua au tungeinuka wenyewe? Nikaona kasema kweli.

Akasoma majina. La nne, Furaha. 

Furaha wangu. Si ndugu wa damu. Tulitoka Bukavu kwenye lori moja, tukapanga chumba kimoja, kitanda kimoja. Yeye upande wa nje kwa sababu aliamka mapema, mimi upande wa ukutani. Tuliomba wote wawili. Karatasi zikatiwa kwenye beseni, yangu ikatolewa, yake ikabaki. Alipiga vigelegele kunishinda. Miezi ikapita. Siku moja narudi kutoka kazini, nguo zake hazipo, sufuria yake haipo. Hakuaga. Simu haikupatikana tena.

Nimemkasirikia sana. Nina hamu naye mpaka kifua kinauma. Vyote viwili, kila siku.

Alhamisi, 12 Septemba

Nalongo kauliza nani anamjua nani. Nikasema Furaha namjua. Basi, sheria: unayemjua humhoji. Unaonyesha mlango, unakaa mbali, na humsalimii mpaka maswali yaishe, usije ukamtia maneno mdomoni.

Nimeitika. Nimechukia.

Mwaka na zaidi namtafuta kwa macho kwenye kila umati, halafu nikimpata nisimsalimie! Kwetu hata adui husalimiwa.

Nawaza usiku na mchana. Nikimkuta ana njaa nitalia. Nikimkuta ameneemeka bila mradi, bila mimi, nitanuna. Mungu anisamehe, ndivyo nilivyo.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimekwenda kanisani kwetu wakati wa mazoezi ya kwaya. Wakongo wakikutana hakuna siri. Mama mmoja wa sauti ya kwanza kasema, “Furaha? Si yuko Nakawa, nyuma ya soko. Barazani kuna cherehani.”

Cherehani! Nimeketi kwenye benchi.

Sikuwa na haja ya kuuliza alijifunzia wapi. Kila jioni nikirudi kutoka karakanani tulikuwa tunatandaza gazeti kuukuu kitandani, nakata kola, nakata mfuko, namwonyesha tulichofundishwa siku ile. Yeye anashona kwa mkono vitambaa vilivyobaki. Tulicheka sana. Hakuna aliyetukataza, na hata wangetukataza, tungeendelea. Utalalaje kitanda kimoja na mtu umnyime ulichojifunza? Chakula tuligawana, hiki kingeshindikana?

Jumatatu, 16 Septemba

Nimemwona.

Nilimwonyesha Okello baraza, nikavuka barabara, nikakaa kwa kijana wa rolex, zile chapati za kuviringishiwa yai. Nikaagiza ili nisifukuzwe. Chapati ikapoa na yai lake.

Amenenepa kidogo. Kasuka nywele. Sare za bluu zimetundikwa nyuma yake, na mifuko ina kile kipembetatu cha uzi pembeni, kama tulivyofundishwa. Kama nilivyomfundisha. Alicheka kitu alichosema Okello. Kicheko kilekile, mkono mdomoni. Niliinuka, nikakaa. Nikainuka tena, nikakaa. Muuza rolex kaniuliza kama naumwa.

Okello akanipungia mkono. Amemaliza. Nikavuka bila kutazama boda.

“Yaya,” kaniita. Kwetu ni dada mkubwa. Hakuna mwingine aniitaye hivyo Kampala nzima.

Nilikuwa na maneno makali, nimeyaandaa muda mrefu. Yaliyotoka ni, “Ulinikosea nini mimi?” Nilitaka kusema nilikukosea nini. Sikurekebisha.

Alisema kila asubuhi nilivaa aproni nikatoka, yeye akabaki anatazama mlango. “Nilikuwa naanza kukuchukia, yaya. Nikaona heri niondoke ningali nakupenda.” Kalisema kavu, huku anakunja sare ya mtu. Nikalia pale pale, wateja wananitazama. Naye akalia.

Kisha likaja la pili. Keshokutwa anahamia Arua, kaskazini kabisa. Mume anaye sasa, dereva wa malori, na huko wamepata kibanda sokoni. Nimempata leo, anaondoka Jumatano. Duniani kuna mambo!

Okello huwaachia watu sabuni ya mche kwa shukrani. Furaha kavuta uzi kwenye cherehani, akauzungusha kwenye sabuni, akaikata mbili, kama tulivyokuwa tukifanya chumbani kwetu. Kipande kikubwa akanipa mimi.

Jumanne, 17 Septemba

Nalongo kaniita. Furaha alimwambia Okello ukweli, kwamba kushona alifundishwa na yaya wake, na yaya ni mimi. Kwa hiyo hafai kulinganishwa. Si wa waliochaguliwa, si wa walioachwa. Anatolewa kwenye hesabu.

“Nyabo, mama, umetuharibia,” kasema, nusu anacheka.

“Basi mngetupa kila mtu kitanda chake kwanza,” nikamjibu. Akacheka kweli. Kisha akauliza kama na wengine walifundishana nyumbani. Nikamwambia aende kambini Naguru, aone wake wa polisi walivyojazana kwenye cherehani ya mmoja. Akaongeza swali jipya kwenye karatasi za Okello: nani mwingine ulimfundisha? Tutarudi kwa wote. Okello kashika kichwa. “Mama, wewe natuua.”

Furaha hahesabiwi. Imeniuma. Kumfundisha yeye ndicho kitu bora nilichofanya mwaka ule.

Jumatano, 18 Septemba

Alisema nisiende kituo cha basi, atashindwa kupanda. Sikwenda. Nimefanya kazi ovyo siku nzima.

Jumapili, 22 Septemba

Misa ya kwanza. Mvua kidogo, kisha jua.

Amepiga simu. Wamefika salama, Arua kuna joto, cherehani imevunjika pedali njiani. Namba yake ninayo sasa. Hatukuongea sana.

Nimefua shuka kwa ile sabuni. Zimekauka upesi. Kipande kilichobaki nimekifunga kwenye nailoni, nimekiweka dirishani.

Kitanda nimekitandika. Ni kipana kwa mtu mmoja. Nitalala upande wa ukutani.