Shukrani za Kitabu cha Nyota

Shosti, acha unachofanya. Natoka kwenye uzinduzi wa kitabu cha Bwana Sayari, mwalimu mwenzetu.

Kile kitabu cha nyota anachojidai kawaandikia wanafunzi wake, kumbe ni cha bure, kakichukua mtandaoni. Mwandishi wake wa kweli anaruhusu ukichukue, ukibadilishe utakavyo, mradi umtaje. Yeye kabadilisha jina la mwandishi kwenye jalada, basi. Ndani hata hajasoma.

Mkuu wa idara akamwomba asome shukrani. Akasoma kwa madaha yake yale: "Namshukuru marehemu mama yangu, aliyefariki kabla ya kukiona kitabu hiki."

Marehemu. Na mama yake kakaa kiti cha mbele, na gauni jipya.

Mkuu akauliza, "Na huyu mama uliyekuja naye?"

Mwanaume hata hakumeza mate. "Huyu ni mama mdogo."

Mama mdogo, shosti. Mama aliyemzaa kwa uchungu.

Nikasema leo anaumbuliwa. Mama akainuka taratibu, akapewa kipaza sauti, akamtazama mwanawe, akasema:

"Dada yangu angefurahi sana leo."