Kiti cha Mfunua Kurasa

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi ya kwanza ya tamasha tangu mke wangu afariki. Nilivaa shati alilolipenda, la mikono mirefu. Njiani nikakumbuka kuwa yeye ndiye aliyekuwa akinikunjia mikono ya shati ili isiguse kitabu cha nota. Nikakunja mwenyewe. Mmoja juu, mmoja chini.

Ukumbi wa maktaba ni uleule. Viti vya plastiki, feni inayolia, piano kwenye kona yake. Anayepiga sasa ni daktari wa meno, binti mwenye vidole virefu na subira fupi. Nilikaa kushoto kwake, kwenye kiti changu. Nota sizijui, sikuwahi kujifunza. Kazi yangu ilikuwa kumtazama mke wangu: akiinua kidevu, nafunua ukurasa. Basi.

Daktari hainui kidevu! Hatikisi hata sikio. Nilimkodolea macho mpaka akaniuliza kama nina jino linaloniuma.

Halafu nikalamba kidole ili nifunue, kama fundi cherehani yeyote anavyolowesha ncha ya uzi. Akaacha kupiga. Alisema ataniletea sponji ya kuloweshea kidole.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimekasirika.

Sponji imekuja, ndani ya kisahani cha sabuni. Sawa. Lakini ile sonata, muziki mrefu wa piano peke yake, ambayo mke wangu alikuwa akifungia nayo msimu — naijua kama mlango wa nyumba yangu. Tulipofika mwisho wa ukurasa wa tano nikafunua kwenda mbele, kama siku zote. Daktari akasema hapana, turudi mwanzo. Nikasema haturudi. Akanionyesha mstari mnene wenye vidoti viwili: ukifika hapo, unarudia. Ndivyo ilivyoandikwa. Nikamwambia mke wangu hakurudia hata siku moja.

Akasema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kushika koleo, "Pole, mzee. Mimi narudia."

Pole ya nini? Mtu anakukanyaga mguu huku anakuombea afya.

Mwenyekiti wa kikundi chetu naye akadakia. Siku hizi kuna mashine, kama simu kubwa, nota ziko ndani, unakanyaga kitufe zinajifunua zenyewe. Mzee apumzike, akae mbele na wageni wa heshima. Wageni wa heshima! Mimi nimezoea kukaa pale ninapoisikia pumzi ya mpiga piano. Kwa wageni wa heshima unasikia feni.

Jumapili, 9 Machi

Nimejaribu kurudisha kurasa, mezani pa kukatia nguo, kwa kitabu cha mitindo. Karatasi mbili kwa mkupuo mmoja. Kikaanguka. Tena kikaanguka. Nimekiacha sakafuni.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji alikuja kupunguziwa gauni la kuimbia. Ni mdogo wake marehemu, ana sauti ya dada yake, na ulimi wake pia. Nikiwa nimebana pini mdomoni nikamlalamikia kuhusu Daktari. Eti turudi mwanzo! Dada yako hakurudia.

Akanigeukia, pindo likanitoka mkononi.

"Alikuwa anarudia, shemeji. Aliacha baada ya wewe kuangusha kitabu."

Nikakumbuka. Msimu wetu wa kwanza. Kitabu kilinitoka, kikatua juu ya piano — ngurumo! Watu wakacheka, mmoja akapiga makofi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Tulipofika nyumbani nikamwambia atafute mtu mwingine. Alicheka mpaka akajifuta macho, akasema hatafutwi mtu, kuanzia leo sisi ni mbele kwa mbele. Nikadhani ananipa moyo tu.

Na humu ndani nilikuwa nikimsikia. Mimi kwenye cherehani, yeye chumba cha pili. Anafika mahali palepale, anaanza tena mwanzo. Nampigia kelele: umekosea tena? Anajibu: nimekosea, baba. Kila mara. Nimekosea, baba.

Shemeji akasema dada alinionea huruma, ndiyo maana. Nikamwambia asimame wima, pindo linakwenda upande.

Nina hasira, tena si na Daktari. Angeniambia! Ningejifunza, kitu cha jioni mbili tatu. Au nisingekaa tena pale. Sijui. Na nimgombeze vipi sasa? Atanijibu nini?

Jumapili, 16 Machi. Mapumziko

Naandikia stoo, kati ya viti vilivyopandana.

Nusu ya kwanza ya tamasha imepita. Shemeji ameimba vizuri, gauni limemkaa. Mimi nilichelewa kufunua mara moja. Daktari akafunua mwenyewe, chapu, bila kunitazama. Mwenyekiti ameona. Watu walipotoka kunyoosha miguu, akaja akaweka mashine yake juu ya piano, imewashwa kabisa. Ya tahadhari, anasema.

Nikamfuata Daktari kabla sijaondolewa, nikamweleza yote. Kitabu kilivyoanguka. Mbele kwa mbele. Nimekosea, baba. Alikuwa anakunywa maji. Safari hii hakusema pole. Aliinuka akaizima mashine, akamkabidhi Mwenyekiti aishike.

"Tukifika kwenye mstari, mzee, nitapiga ukurasa utakaoufungua wewe."

Na kikianguka?

"Kikianguka tutakiokota."

Nimekunja mikono, yote miwili sawasawa. Kwenye ukurasa wa kwanza wa sonata nimebana kipande cha utepe mwekundu kilichobaki kwenye gauni la Shemeji. Kinachungulia pembeni, kidole kitakipata bila macho. Lakini kumpa mtu mwingine marudio ambayo mwenzangu alijinyima kwa ajili yangu — sijui mkono wangu utakwenda wapi.

Kengele. Shemeji anachungulia mlangoni: niache kuandika, Daktari ameshakaa. Naja. Naja! Sponji nimeiweka wapi —