Kwetu Hatupigi Kelele

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimesaga gunia la mwisho. Mwenye mashine kasema basi, inatosha, siku hizi tumbo linafika kazini kabla yangu. Ananionea huruma au anaogopa nisije nikazalia juu ya chekeche — sijui. Nimevua mtandio, nimeukung'uta mlangoni, unga ukaondoka na upepo. Nitapakumbuka pale. Hata kelele zake.

Kelele ndiyo habari yenyewe. Ukikaa miaka kwenye mashine ya kusaga, sauti inahama kooni inakwenda tumboni. Mota inanguruma, nyundo zinagonga ndani, mteja anauliza unga wake bado, na wewe unamjibu mpaka mtaa wa pili wanajua kwamba bado. Ukirudi nyumbani unasahau kuipunguza. Ndiyo maana wifi yangu ananiita Spika. Mbele za watu anasema ni utani. Na mimi mbele za watu nacheka.

Mama mkwe kahamia kwetu jana na begi lake, kumngoja mjukuu. Yeye anaongea kwa kunong'ona. Hata kuku wa jirani anawafukuza kwa kunong'ona, nao wanaondoka. Sijui anafanyaje.

Jumatano, 6 Machi

Nimekasirika mpaka mtoto kanipiga teke.

Wifi alikuja na nguo za mwanawe zilizombana, kazifua, kazikunja vizuri. Nikapokea, nikashukuru. Kisha wakanikalisha katikati, Mama huku, Wifi kule. Somo: namna ya kuzaa. Kwetu hatupigi kelele, akasema Mama. Yeye kazaa watoto sita na hakufungua mdomo. Wifi kazaa wawili, mkunga hakujua kama kuna mtu kitandani. Uchungu unamezwa. Mwanamke anayepiga mayowe anamwaibisha mumewe, na manesi watakwenda kumsimulia huko kwao.

Wifi akaongeza la kwake. "Wewe hasa, Wifi, ujikaze. Na hilo spika lako, tutahama mtaa."

Nikasema: Mama, nimekusikia. Lakini mimi ikiniuma nitasema inauma.

Mama akaanza kuzikunja upya nguo zilizokwisha kukunjwa.

Jioni nikamwambia mume wangu. Yeye ni fundi umeme, mtu wa kufikiri kabla hajagusa waya. Akafikiri. Akasema labda nipige kelele kidogo tu. Kidogo! Nikamuuliza kidogo ni kiasi gani, anipimie kwenye kikombe. Akaenda kutengeneza swichi ambayo haikuharibika.

Simo kwenye mashindano ya kunyamaza. Sijaomba kushiriki. Mwili wangu, mtoto wangu, koo langu.

Jumapili, 10 Machi

Mzee Gia kaja kunijulia hali. Ndiye aliyenifundisha kazi. Nikampa shikamoo, akaitikia mpaka vikombe vikatetemeka kabatini — na yeye ni mtu wa mashine. Mama alipomwamkia akauona mkono wake wa kulia, vidole viwili havipo, akageuza macho kwa heshima. Gia yeye anapenda kuulizwa. Hakuulizwa, akasimulia hivyo hivyo.

Zamani alifanya kazi na mkwewe, mume wa binti yake. Kijana mwenye adabu zake. Siku moja mkanda wa mota ukamshika Gia mkono wa shati. Mkwewe akaona. Kwenye mashine ukiona hivyo unapiga ukelele mmoja tu — zima! — hata kama aliyeshikwa ni baba yako, hata kama ni mkuu wa mji. Lakini angeanzaje kumpigia ukelele baba mkwe? Akaweka debe chini, akazunguka magunia, akaja kumgusa bega taratibu. Alipofika, vidole vilikwisha kwenda.

"Mpaka leo ananiamkia kapiga magoti," Gia akasema. "Namwambia, baba, inuka, mimi ningependa vidole."

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Mama hakucheka. Alimmiminia chai nyingine, akamuuliza kama bado vinamuuma. Kwa kunong'ona. Gia masikio yake mabovu, hakusikia kitu, akasema asante, sukari inatosha.

Jumatano, 13 Machi

Hakuna kitu. Miguu imevimba, ninavaa viatu vya mume wangu. Kila nikikohoa nyumba nzima inasimama.

Mama kapanga mkoba wa hospitali. Juu kabisa kaweka kitambaa kipya, kimekunjwa kikawa kinene. Nikauliza cha nini hiki. Cha kung'ata, akasema, kama mtu anayekueleza kijiko ni cha nini.

Nimekitoa. Nimefutia jiko.

Alhamisi, 14 Machi, asubuhi

Imeanza.

Nilikuwa nafua. Nikadhani nimejimwagia maji ya beseni. Maji ya beseni baridi, haya ya moto. Chupa imepasuka. Nikamwita mume wangu — kwa sauti ya kawaida, naapa — na jirani wa mbele naye akaja.

Uchungu wenyewe si kama walivyonieleza. Unakuja kama mtu anafunga mdomo wa gunia na gunia ni mimi. Anakaza, anakaza, anaachia. Katikati hapo uko mzima kabisa, unaweza hata kugombana.

Tukagombana. Ndani ya teksi Mama kanishika mkono. Kila uchungu ukija ananibonyeza, shh. Nikavumilia. Ukaja mwingine, shh. Nikautoa mkono wangu, nikaukalia.

Mlangoni pa wodi ya wazazi mkunga akasema ndugu mmoja anaruhusiwa kuingia, achague anayezaa mwenyewe. Mwanamke mfupi, kakunja mikono ya sare, haongei mara mbili. Mume wangu akamtazama mama yake. Wifi akamtazama mama yake. Mama alikwisha kuinua mkoba. Nikasema: Mama, kama unaingia kuninyamazisha, naomba ukae nje.

Hajawahi mtu kumwambia hivyo. Niliona usoni kwake.

Nikachukua mkoba, nikaingia peke yangu. Sikugeuka. Ningegeuka ningelia, na machozi nilikuwa nimeyaweka akiba kwa kazi yake.

Alhamisi, mchana

Njia imefunguka nusu. Mkunga kaniona naandika, kauliza kama nina mtihani.

Chumba cha kusubiria: vitanda viwili, pazia katikati, feni inayozunguka kwa kulalamika. Mimi naguna. Naita mama yangu, marehemu wangu, huko aliko atasikia. Namtukana kidogo mume wangu, hayupo, haidhuru. Na nimegundua jambo — sauti ikitoka, maumivu yanakosa pa kukaa. Hayaishi, ila yanatafuta njia. Mbona hawakuniambia hili? Wangelijuaje?

Jirani yangu wa kitanda ni mwalimu wa chekechea. Mtoto wa kwanza, kama mimi. Pazia liko wazi, namwona. Kajifunika shuka mpaka puani. Uchungu ukimjia anakamata chuma cha kitanda, mishipa ya mkono inasimama, na hapo hakitoki hata kikohozi. Mkunga akipita anamuuliza unaendeleaje, mama. Anasema vizuri. Vizuri! Mkunga akamsifu, huyu amejikaza. Kisha akanitazama mimi.

Nikanguruma zaidi. Makusudi.

Alhamisi, alasiri

Lazima niandike.

Mkunga wetu alikuwa chumba cha kujifungulia na mama mwingine, mlango umefungwa. Mimi nimetoka tu kwenye uchungu, napumua. Nikasikia kitu kidogo kutoka kitanda cha pili. "Samahani, dada." Nikageuka. Jirani kafumba macho. "Samahani. Nadhani anatoka."

Nikamwambia mwite mkunga. Akasema ana kazi, tusimsumbue, labda atamaliza. Nikainua shuka yake. Kichwa kilikuwa pale. Nywele. Nyeusi, zimelowa.

Sijui nilisimamaje. Nakumbuka nimeshika pazia, nimevuta pumzi mpaka chini kabisa, na lililotoka ni lile la kazini, lenyewe, bila kuniomba ruhusa.

"Zimaaa!"

Mfagizi akaingia mbio akazima feni. Nyuma yake mkunga, nyuma yake nesi ambaye sijawahi kumwona, nyuma yake daktari ana kalamu mdomoni. Wakamzunguka. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni. Mkunga anafanya kazi haraka, hasemi. Na mimi uchungu umenirudia, nimepiga magoti chini, nimeng'ang'ania mguu wa kitanda, nimemkazia macho yule mtoto ambaye si wangu. Alikuwa na rangi mbaya. Nikasema lia. Nikasema lia we mtoto, lia, kwani na wewe umefundishwa kunyamaza?

Akalia. Wa kike. Sauti nyembamba, ya hasira, nzuri sana.

Mkunga akapangusa uso kwa kiwiko. Akamuuliza Jirani, kwa upole, kwa nini hakuita. Jirani akasema hakutaka kusumbua watu. Mkunga hakumgombeza. Alimfunika vizuri tu. Kisha akaniinua mimi, akanirudisha kitandani, akaniambia yangu haiko mbali, nikisikia haja ya kusukuma nisisukume, niite. "Kuita unaweza," akasema. "Ila niambie, tulikuwa tunazima nini?"

Nje dirishani nimemsikia Wifi anamwambia mtu kwamba nimesikika mpaka getini. Nimesikika. Andika tena: nimesikika.

Alhamisi, bado

Jirani kahamishwa pamoja na binti yake. Nimebaki peke yangu humu. Ni rahisi kuwa jasiri mkiwa wawili. Nasema kweli, naogopa.

Mama kachungulia. Muda wote huu alikuwa kwenye benchi la nje, nyuma ya mlango. Akauliza aingie? Nikasema aingie, lakini shh nimeziacha kwenye teksi. Akaingia. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani.

Akauliza mtoto wa yule mama ni mzima? Nikasema mzima.

Kisha akasema jambo, kwa sauti yake ile ile, ikabidi nisogee kumsikia. Kwamba hakunyamaza kwa ushujaa. Kwamba mama mkwe wake alikuwa akikaa nje ya mlango, anasikiliza. Watoto wote sita, alikaa pale. "Nilimwogopa yeye kuliko uchungu."

Nikamuuliza sasa mbona na mimi akanifungia kitambaa cha kung'ata. Akautazama mkoba. Nilikuwa na mengine ya kumwambia, makali, nimeyapanga tangu Jumatano ile. Uchungu ukanikatiza. Akanishika mkono. Hakubonyeza.

Huu sasa ni mwingine. Hausubiri kuachia. Unasukuma wenyewe, mimi simo. Huu ndio alioniambia mkunga. Nimefungua mdomo niite — hakuna kitu. Upepo. Koo limepasuka kwa ile ya alasiri, na sauti ya tumboni, tumbo lenyewe lina kazi nyingine. Nimejaribu tena. Upepo. Kalamu nimeishika ili mkono uwe na cha kukamata, herufi zinakimbia.

Nimemwambia Mama, ita.

Kasema, nesi. Midomo tu. Mimi niliye hapa sikusikia, korido itasikiaje.

Mama, anatoka. Ita.

Kainuka. Kafika mlangoni. Wifi yuko kwenye benchi, namwona, kainua kichwa anamtazama. Mama kalegeza mtandio shingoni. Kashika fremu ya mlango kwa mikono miwili, huku na huku. Anavuta pumzi — naona mgongo wake unapanuka, unapanuka — kafungua mdomo —