Mashine Iliyoombewa

Malaba, Jumanne usiku

Na bado. Mwaka mzima nimemwambia bosi wangu, Mzee Barasa, kwamba brauza ya kompyuta yetu, ile programu ya kufungulia mtandao, imezeeka, siku moja mfumo wa forodha utaikataa. Alinicheka mbele ya madereva. "Hii mashine pasta aliiombea siku ya kufungua ofisi. Hakuna mtu ataigusa!" Kisha akaifunika na kile kitambaa alichoshona mkewe.

Leo asubuhi ikakataliwa. Maandishi mekundu: brauza hii haitumiki tena. Mzee akazima, akawasha, akazima. Jasho! Malori ya wateja wetu yamekwama mpakani bila vibali, madereva wanamfokea dirishani.

Mzee akanigeukia: "Dada, fanya kitu!"

Nikamjibu kwa sauti, wote wasikie: "Nimwite pasta, mzee?"

Walivyocheka! Kicheko hicho nimekuja nacho hadi nyumbani.

Laptopu yangu ilikuwa chini ya meza, ndani ya mkoba. Ina brauza mpya, ingefungua mfumo huo mara moja. Niliusukuma mkoba ndani zaidi kwa mguu, nikaendelea kula njugu. Jioni, aliponiomba msamaha mbele yao wote, ndipo nikaitoa. Malori yakavuka mpaka.

Sijutii. Angeniomba mapema.

Ila yule dereva aliyekuwa akipeleka vifaranga Kampala... Yeye hakufoka. Alishinda juani akipepea maboksi kwa kofia yake, na vilio vya vifaranga vikisikika mpaka ndani ya ofisi.

Nilipotoa laptopu, vifaranga walikuwa wameshanyamaza.