Loore Atasoma Upande Gani wa Bahari

Helsinki, 9 Juni

Mama mpenzi,

Nisamehe kwa kukawia. Tangu Pasaka nasema leo nitamwandikia Mama, na kila leo inaisha nimelala na viatu miguuni. Wewe ndiye uliyetaka tuandikiane, maana kwenye simu hatufiki mbali kabla hatujapandishiana sauti, na Loore anakimbilia chooni kujifungia. Basi nimekaa, naandika. U hali gani? Goti linakuachia upande ngazi? Na Loore binti yangu, jino la mbele limeota?

Mimi mzima, ila nimechoka uchovu ambao hata nikilala hauondoki. Bado nipo jikoni kwenye ile nyumba ya wazee. Nakoroga uji wao tangu saa kumi na moja alfajiri mpaka kikombe changu nakishika kwa mikono miwili.

Habari yenyewe ni hii, na naomba uisome umekaa. Nimepata nyumba. Ni chumba kimoja na jiko, huku Kontula, mashariki mwa mji. Si kikubwa, lakini mkataba una jina langu. Nimehama kwa Merike, sitalala tena kwenye kochi la rafiki. Na Loore nimemwandikisha shule ya hapa mtaani, darasa la kwanza. Shule inafunguliwa tarehe kumi na moja Agosti, nami nataka awe hapa wiki moja kabla.

Miaka mitatu umenilelea, Mama. Asante haitoshi, na sina neno kubwa kuliko hilo. Lakini sasa nataka mtoto wangu alale ninapolala mimi.

Najua utauliza hela. Kodi inakula karibu nusu ya mshahara. Nimeomba pia nitolewe zamu ya alfajiri niingie saa mbili, ili nimwamshe mwenyewe na kumpa chai, kwa hiyo ile nyongeza ya alfajiri imekwenda. Nimeshazipiga hesabu. Tutakula viazi sana, lakini tutakula.

Mbusu shingoni, pale anapocheka.

Mwanao,
Kaidi

Tallinn, 21 Juni

Kaidi mwanangu,

Barua imefika. Goti lipo, asante kwa kuliulizia, siku hizi lina adabu kuliko watu wengine. Loore hajambo. Jino limeota, limekaa mshazari kama banda la jirani yetu Endel.

Nimeisoma nimekaa, nikasimama, nikakaa tena. Sasa na wewe nisikilize. Hapa nyumba ni yangu, simlipi mtu kodi. Mabasi ya mjini ni bure. Bustani inatupa viazi, karoti, vitunguu, na majani ya bizari mpaka tunawagawia watu. Kweli wakati wa baridi bili ya kupasha nyumba joto inanitoa machozi, lakini huwa nalia nimekaa kwangu. Wewe huko unatoa nusu ya jasho lako ulale ndani ya kibiriti, halafu unaita maendeleo. Hao watu wa Helsinki wenyewe hupanda meli wakaja kununua bia kwetu kwa toroli. Umewahi kumwona mtu wa Tallinn anavuka kwenda kununua kiazi kwao?

Na asubuhi ukishaondoka, mtoto atabaki na nani? Usiniambie yale niliyosikia, kwamba watoto wa huko wanakwenda shule peke yao na ufunguo shingoni, kama ng'ombe na kengele.

Halafu hilo la shule kufunguliwa Agosti. Nani amewahi kusikia? Agosti Mungu aliiumba watu wakachume matunda ya beri msituni. Shule hufunguliwa tarehe moja Septemba. Ilikuwa hivyo kwangu, ikawa hivyo kwako. Serikali zimekuja na kuondoka na tarehe hiyo haikuguswa. Ama umesoma karatasi ya watu vibaya, ama unanidanganya umchukue mapema. Mimi nimeshampandia maua, gladiola nyekundu za kumpelekea mwalimu, na zitakuwa tayari kwa wakati wake.

Keshokutwa tunakwenda kwenye moto wa mkesha wa Mtakatifu Yohana, watu waimbe na kuuruka. Nimemwambia Loore una nyumba. Akasema, "Mwambie nataka kitanda cha juu." Nikamuuliza, juu ya nani? Akasema, "Juu ya mama." Nikaenda kuosha vyombo.

Mama yako

Helsinki, 10 Julai

Mama,

Natumaini moto ulikuwa mzuri na hukuruka juu yake na goti hilo. Mimi nilikuwa kazini. Tuliwapikia wazee samaki, tukawafungulia dirisha wasikie watu wakiimba ng'ambo ya barabara.

Sitaki tugombane kwa karatasi pia, kwa hiyo nitakwenda polepole. Hao wa matoroli wamepungua, Mama. Nilipokuja Aprili nilinunua siagi duka la chini yako, na bei ni ile ile ya hapa. Bei zimevuka bahari, mishahara imebaki. Kumbuka nilipokuwa nauza viatu pale mjini. Nilifunga duka saa tatu usiku, nafika Loore kashalala, naondoka hajaamka. Jumapili alikuwa ananiangalia kama mgeni aliyeleta keki. Kuzitafuta hela za kuishi Tallinn kwa bei nafuu ndiko kulikoninyang'anya mtoto, hata kabla sijapanda meli.

Hapa nitatoka kazini saa kumi jioni. Nje bado kweupe. Tutapika wote.

Juzi mchana nilipita uwanja wa watoto karibu na nyumba mpya. Kiangazi mji huu hugawa supu uwanjani. Mtoto anakuja na bakuli lake na kijiko, anajaziwa, hakuna anayemuuliza wewe wa nani. Wamekaa kwenye nyasi wanakula. Nikaanza kulia mbele za watu. Mama mmoja akanijia, akadhani nina njaa, akaniuliza, "Bakuli umesahau?"

Sitakudanganya kwamba ni peponi. Kwenye ngazi watu wanasikiliza kwanza kama mlango wa jirani umefunguka, ndipo watoke, wasije wakalazimika kusalimia. Kuna siku nimeongea na sufuria tu. Mkate mweusi wao una sukari. Mwezi ukifika tarehe ishirini mimi nahesabu senti.

Kuhusu ufunguo: ndiyo, atauvaa. Shule ipo kwenye mtaa huo huo, hakuna barabara ya kuvuka. Na mimi alinivalisha nani, Mama? Nilikuwa na kamba ya kijani, nawe ulikuwa kiwandani.

Na Agosti ni Agosti. Nimemuuliza mwalimu, nimemuuliza na Merike, nimeuliza kila mwenye mtoto kazini. Huku hakuna anayeingoja Septemba. Tiketi nimeshakata, tarehe nne Agosti, meli ya mchana. Merike atakuwa anarudi kutoka likizo, atampitia hapo nyumbani. Tafadhali mfungie mizigo.

Mwanao,
Kaidi

Tallinn, 4 Agosti

Kaidi,

Barua hii nampa Merike mkononi.

Loore ana homa. Si kali, usitaharuki, lakini mtoto mwenye homa hapandishwi meli. Akipata nafuu nitamleta mwenyewe. Labda baada ya Septemba mosi, tutaona. Shule ya hapa mtaani bado wana nafasi. Nimeuliza tu, kuuliza si dhambi.

Usipige simu, sitasikia.

Mama yako

Helsinki, 2 Septemba

Mama yangu,

Salamu zangu zianze na goti, maana najua ngazi za bandarini hazikulifanyia hisani. Sisi tuko salama.

Wiki mbili na zaidi nimekaa bila kuandika. Hasira yangu ilitaka kuandika kwanza, nikaiambia ingoje.

Wewe ulikuwa huko na Loore, hukuona mimi nilivyosimama bandarini siku ile. Nilikuja na kofia ya baiskeli niliyomnunulia. Watu walishuka wote, mpaka wale wa matoroli. Merike akaja peke yake na barua yako, hataki kuniangalia usoni. Nikamwuliza, "Homa ni kali?" Akasema, "Kaidi, usiniulize mimi." Hapo nikajua.

Hapakuwa na wa kunishikia zamu mpaka Jumamosi ya wiki iliyofuata. Shule ikafunguliwa bila yeye. Nilipofika kwako nilimkuta uani juu ya baiskeli, mdomo wa zambarau kwa beri. Nikamwambia, homa imekwisha? Akasema, "Homa gani?" Mama, hukumfundisha mtoto uongo wako, na kwa hilo nakushukuru.

Wewe ulikuwa unapiga pasi blauzi nyeupe ya Septemba mosi. Niliyosema juu yako pale jikoni ni ya hasira, yaache hapo hapo jikoni. Lakini ulisema, "Mchukue, utamrudisha mwenyewe kabla ya theluji." Hilo nalijibu sasa nikiwa nimetulia: sitamrudisha. Si kwa theluji, si kwa bili. Ukiwa unamfanyia Loore mipango ya shule huko, ifute. Sitaki kulisema hili mara ya pili.

Asubuhi yake ulipotoka bila kuaga nilidhani umetususa. Kumbe ulikwenda bustanini. Ukatukuta bandarini na gladiola hizo, zimefungwa gazeti, nyingine hata hazijafunguka. Mimi ulinipita. Ulimwinamia Loore tu: "Kwa mwalimu. Siku ya kwanza haiendwi mikono mitupu."

Nikusimulie basi zilivyofika.

Jumatatu nilimvalisha blauzi yako. Watoto wenzake wote na kaptura na raba, kama wamekuja kucheza mpira, na yeye katikati yao na maua marefu kumzidi. Mtoto mmoja akamuuliza, "Leo ni sikukuu yako ya kuzaliwa?" Mwingine akasema, "Au kuna mtu kafa?" Mwalimu ni kijana, anaitwa Otso, naye kavaa kaptura. Akayapokea, hajui ayaweke wapi.

"Haya ni ya nini?" akamuuliza.

Loore akamwambia kwa kile Kifini chake kilichochanganyika na chetu, "Ni yako. Leo ni siku ya kwanza."

"Siku ya kwanza ilikuwa wiki iliyopita, Loore."

"Yangu ni leo."

Mwalimu akachuchumaa, akamshika mkono kama mtu mzima anavyomshika mtu mzima, akamkaribisha shuleni. Akayatia kwenye ndoo ya kudekia. Mimi nilichelewa kazini, na sikujali.

Jana ilikuwa tarehe moja. Nilikukumbuka mchana kutwa. Nilijua utakuwa umechungulia dirishani watoto wakipita na maua yao.

Hesabu za miji hii miwili nimezipiga mpaka nimechoka. Kwako chakula kinatoka ardhini na chumba hakina kodi. Kwangu mshahara unaisha kabla ya mwezi. Lakini saa kumi na robo nafungua mlango, na kuna mtu anauliza, "Leo wazee walikula nini?" Hilo siku zile za duka la viatu sikuwa nalo kwa bei yoyote.

Si kwamba tunacheka tu. Anaamka usiku, anakaa kitandani, ananusa mto, anauweka pembeni. Namwuliza, anasema hana kitu.

Oktoba shule inafungwa wiki moja. Njoo. Usiniambie Endel atakosa wa kugombana naye. Kama meli ni ghali sema, nitakata mimi.

Mpaka hapo, Merike anapita kwako Ijumaa. Tafadhali mpe hivi tu:

Cheti cha chanjo, kipo kwenye droo ya sebuleni, chini ya vitambaa.
Mabuti ya mpira, hata kama yanambana.
Mkate mweusi, miwili, ule usio na sukari.
Bizari kavu kidogo.
Foronya ya mto wako, ile unayolalia sasa. Usiifue.

Mwanao,
Kaidi